Jinsi ya Kuandika Yaliyo Moyoni Bila Kujikosha

Baba alipofariki niliandika kurasa mbili juu yake. Niliandika kwamba alikuwa mchapakazi, mpole, mtu wa watu, na kwamba pengo lake halitazibika. Niliandika kwamba machozi yalinibubujika. Dada yangu mkubwa akazisoma, akazikunja taratibu, akaniambia: "Mdogo wangu, umeandika vizuri. Ila humu simwoni baba, na wewe pia sikuoni."

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikakaa tena na karatasi, nikaandika jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Jumapili kabla ya kifo chake alinipigia simu. Niliiona, nikaiacha iite mpaka ikakatika, kwa sababu nilidhani anataka kuniomba hela tena. Kuandika sentensi hiyo kulinichukua saa nzima, na yote nitakayoyaeleza hapa nilianza kujifunza ndani ya saa hiyo.

Kurasa zangu za kwanza hazikuwa na uongo. Baba alikuwa mchapakazi kweli. Kasoro ya kurasa hizo ni kwamba nilikuwa nimejikosha: nilijipanga mbele ya msomaji nikiwa mtoto mwema anayelia vizuri. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na sijui methali inayomfaa mwandishi kuliko hiyo. Lakini kutoficha si sawa na kujianika. Anayejianika anamwaga kila kitu ili atazamwe. Anayeandika kwa uaminifu anachagua jambo moja lililo zito kwake, analishika mpaka alielewe, kisha anamkabidhi msomaji. Kazi hiyo inafundishika.

Anza na maandishi ya droo

Kuna maandishi ya droo na maandishi ya kusomwa. Watu wengi wanaoshindwa kuandika ukweli wameanza na ya pili. Kabla hata hawajaandika neno la kwanza wameshamwona shangazi akikunja uso, wameshawaona wenzao wa kazini wakinong'ona. Kalamu haiwezi kusema kweli mbele ya baraza la namna hiyo.

Kwa hiyo ahidi, tena uahidi kwa dhati, kwamba utakachoandika kwanza hakisomwi na mtu. Chagua pahali pa kukificha kabla hujaanza: daftari linalofungiwa, faili lenye nenosiri, karatasi utakazochana. Kama unaishi na mtu anayepekua vitu vyako, chana. Usidhani ukichana umepoteza kazi, maana kilichoandikwa mara moja kwa ukweli huwa rahisi kuandikwa tena.

Dakika 15, siku 4

Huu ndio mwanzo ninaompa kila anayeniuliza, na sikuubuni mimi. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, pamoja na mwenzake Sandra Beall, walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Wanafunzi hao waliandika dakika 15 kila siku kwa siku 4 mfululizo. Baadhi yao waliandika juu ya mambo madogo yasiyo na uzito. Wengine waliandika juu ya jambo lililowahi kuwaumiza sana, na hao wakagawanywa tena: kundi moja lilieleza matukio tu, la pili hisia tu, la tatu matukio pamoja na hisia zake. Kundi hilo la tatu ndilo lililokwenda kwenye kituo cha afya cha chuo mara chache zaidi katika miezi 6 iliyofuata. Hata hivyo, walipokuwa wametoka tu kuandika walijisikia vibaya kuliko wenzao, na hata shinikizo la damu lao lilikuwa juu zaidi.

Tangu wakati huo jaribio hilo limerudiwa kwa namna nyingi. Mwaka 2006 Joanne Frattaroli alikusanya tafiti 146 za aina hiyo akazipima kwa pamoja, akaona kwamba faida ipo, ila kwa wastani ni ndogo. Nalitaja hilo kwa sababu wapo wanaouza uandishi huu kama dawa ya kila kitu. Si dawa ya kila kitu. Ni msaada mdogo wa kweli, na mdogo wa kweli unanitosha.

Namna ya kufanya ni hii. Kaa pahali ambapo hutaitwa. Weka saa. Chagua jambo linalokurudia usiku, uandike bila kusimama, bila kusahihisha tahajia, bila kusoma ulichoandika nyuma. Ukikosa la kusema, rudia sentensi ya mwisho mpaka nyingine ije. Kila siku ya zile nne unaweza kurudi kwenye jambo lilelile. Rudi tu, usiogope kujirudia.

Angalia sana kinachotokea siku ya tatu na ya nne. Baadaye Pennebaker alipochambua maneno waliyotumia watu, aligundua kuwa waliofaidika zaidi ni wale ambao kadiri siku zilivyokwenda walizidi kutumia maneno ya kutafuta sababu na ya kuelewa: "kwa sababu", "kumbe", "sasa naona". Kumwaga uchungu ule ule kwa maneno yale yale siku 4 hakukuwasaidia sana. Ukiona "kumbe" ya kwanza kwenye ukurasa wako, ipigie mstari.

Tahadhari mbili. Ikiwa jambo limetokea juzi tu na bado unatetemeka, subiri wiki kadhaa. Na ikiwa ukiandika unahisi unazama, unakosa usingizi kabisa au unafikiria kujidhuru, weka kalamu chini umtafute mtu wa kuzungumza naye uso kwa uso, mtaalamu wa afya ya akili ikiwezekana. Karatasi haiwezi kukushika mkono.

Shika tukio moja

Sasa tuseme unataka kuandika kitu cha kusomwa. Usiandike "maisha yangu ya ndoa". Andika jioni mliyogawana vitabu, na kile kitabu kimoja ambacho kila mmoja alimwambia mwenzake akichukue. Tukio linaloandikika lina saa yake, lina pahali, na lina mtu aliyesema neno. Kama unachotaka kuandika hakina hata kimoja kati ya hivyo, bado una mada tu.

Kumbukumbu ina tabia ya kuhifadhi vitu bila kueleza kwa nini: kitasa kilicholegea, harufu ya sabuni, soksi aliyovaa daktari. Viandike. Mara nyingi hisia imejificha humo. Lakini usipige chuku. Kama hukumbuki mvua ilikuwa inanyesha, usiinyeshee. Sema "sikumbuki alivaa nini, nakumbuka viatu vyake tu." Msomaji akiona unakiri usichokumbuka, atakuamini kwa unachokikumbuka.

Itafute sentensi unayoikwepa

Hapa ndipo penye moyo wa kazi yote, kwa hiyo nitakaa.

Karibu kila andiko la moyoni lina sentensi moja ambayo mwandishi anaizunguka kama mbuyu. Ukiisoma rasimu yako kwa makini utaona nyayo. Ni pale ulipokimbia: "baada ya hapo mambo yakaharibika", halafu ghafla ni mwaka mwingine. Ni pale ulipoingiza methali, maana mwandishi akizidiwa humkimbilia mhenga. Ni pale ulipoanza kuhutubia, "vijana wa siku hizi inabidi tujifunze", wakati sentensi moja kabla ulikuwa unasimulia mlango ulivyofungwa. Nyayo zikifika hapo, ujue umekaribia.

Fanya zoezi hili. Chukua karatasi mpya uandike: "Ambalo sijaliandika ni kwamba..." Maliza sentensi. Kisha ianze tena upya, mara kumi. Tatu za mwanzo zitakuwa rahisi, mambo ambayo ungeweza kumwambia jirani. Ya tano au ya sita utatamani kuinuka ukanywe maji. Usiinuke. Yangu ya saba ilikuwa ile ya simu. Ya tisa ilikuwa mbaya zaidi: kwamba jioni ile nilipopata habari za msiba, kabla ya kulia, nilipata afueni kwamba simu zile za kuombwa hazitaita tena. Afueni hiyo ilidumu kama dakika moja. Nimeishi nayo miaka.

Si lazima sentensi hiyo ionekane kwenye andiko la mwisho. Lazima wewe uijue. Ukishaijua, hata usipoiandika, sauti yako inabadilika, unaacha kujitetea.

Hisia ipewe jina lake

Tuna lugha yenye utajiri mkubwa wa maneno ya moyo, na tunaandika "nilihuzunika sana" kama vile hatuna lingine. Chukua "haya", "aibu" na "fedheha". Haya ni ile soni inayokuzuia kabla hujatenda. Aibu inakupata ukishaonekana. Fedheha ni aibu iliyoletwa hadharani, mara nyingi na mtu mwingine. Mtoto aliyejikojolea darasani amepata aibu. Mwalimu akimsimamisha mbele ya wenzake, amefedheheshwa. Ukiandika "aibu" katika tukio la pili umemfichia mwalimu kosa lake.

Vivyo hivyo kwenye huzuni. Majonzi ni ya watu waliokaa pamoja wamelia. Kihoro kinamshika aliyeondokewa na mtu na kinaweza kumlaza kitandani. Ukiwa ni ule wa nyumba iliyokuwa na sauti, sasa haina. Na usichanganye hasira na kinyongo: hasira inawaka na kuzima, kinyongo kinakaa miaka kikiwa kimya, kinasalimia watu, kinahudhuria harusi. Wengi wanaoandika kwamba walikuwa na hasira na mzazi wao, ukiwauliza, watakuambia kwamba hawajawahi kupaza sauti. Basi hicho ni kinyongo, na andiko la kinyongo ni tofauti kabisa.

Zoezi: kila palipo na "huzuni", "furaha" au "maumivu" kwenye rasimu yako, andika pembeni maneno matatu yaliyo karibu, kisha uchague moja. Na ujihadhari na misemo iliyokwisha kuchakaa. Moyo unaodunda, machozi yanayobubujika, dunia inayokuporomokea, hivyo vyote vimetumika mno, msomaji anavipita bila kuhisi chochote. Mimi sikububujikwa na machozi. Nilikaa nikihesabu vigae vya sakafuni.

Kagua vitenzi vyako

Sarufi yetu ina vichaka vizuri vya kujifichia, na vyote nimewahi kujificha humo.

Kuna "nilijikuta": *nilijikuta nimemtukana*, kana kwamba mtu alinibeba nikiwa usingizini akaniweka kwenye tusi. Kuna "maneno yalinitoka". Kuna "shetani alinipitia". Kuna kauli ya kutendwa: *simu haikupokelewa*. Kuna "mtu": *mtu ukichoka huwezi kufikiri vizuri*, ilhali aliyechoka ni wewe, tena siku moja maalumu. Na kuna kile kiambishi cha kutendana ambacho kinagawa kosa nusu kwa nusu bila kumuuliza mtu: *tulikoseana*. Je, mlikoseana kweli, au ulimkosea?

Zipitie sentensi hizo moja moja uzirudishe kwenye "nili-" na "siku-": nilimtukana, sikupokea, nilimkosea. Zitakuwa fupi na zitauma. Ziache hivyo.

Ila ukaguzi huu una upande wa pili, na nausisitiza kwa sababu nimeona watu wema wakiumizwa nao. Uaminifu si kujitwika kila lawama. Ikiwa wewe ndiye uliyetendewa, hasa ukiwa mtoto, kitenzi kinachohitaji kurekebishwa ni kingine. "Nilipigwa" haina mpigaji. Andika "alinipiga". "Nilijikuta katika hali ngumu" inaweza kuwa inaficha mtu mzima aliyefunga mlango. Mpe kila mwenye tendo tendo lake, la kwako ulichukue, la mwingine umwachie.

Mchague msikilizaji mmoja

Ukishavuka hapo, mwandikie mtu mmoja. Mwana Kupona alipotunga utendi wake mwaka 1858 alikuwa mgonjwa, na aliyekuwa akimwambia ni binti yake. Mwanzoni kabisa anamwita asogee karibu. Zaidi ya miaka 160 baadaye watu wasio na undugu naye bado wanausoma na kuhisi wanaitwa wao. Ukiandikia "jamii" utahutubia. Ukimwandikia mdogo wako, au rafiki uliyeachana naye, au wewe mwenyewe wa miaka 19, lugha itatulia yenyewe.

Watu wengine waliomo

Huwezi kuandika maisha yako bila kuingia kwenye ya wenzako. Siri yako ni mali yako. Siri ya mwenzako haikugeuka kuwa yako kwa sababu tu ulikuwepo chumbani ilipotoka.

Mimi najiuliza hivi: jambo hili lilinitokea mimi, au nililishuhudia likimtokea mwingine? Simu ya baba ilinitokea mimi. Ugonjwa wa dada yangu ulimtokea yeye, na nikitaka kueleza jinsi nilivyoogopa hospitalini, inabidi nimwombe ruhusa, nimsomee, na nikubali akikataa. Aliwahi kukataa mara moja. Kurasa hizo ziko droo hadi leo, na hapo ndipo zitakapobaki.

Kubadili jina hakutoshi. Watu wanaomjua mhusika watamtambua kwa kazi yake, kwa kovu, kwa msemo wake. Badili hivyo pia, au viache nje, mradi usibadili tukio lenyewe. Kwa watoto nina msimamo mkali zaidi: mtoto hawezi kukuruhusu kwa maana halisi ya neno, na maneno yako yatamkuta akiwa mkubwa. Andika woga wako wewe mzazi, uache ya kwake ayasimulie mwenyewe akitaka.

Ikiwa aliyekuumiza yu hai na ana uwezo wa kukudhuru, usalama wako unatangulia andiko lolote. Droo haina tarehe ya mwisho.

Laza, kisha usome kwa sauti

Weka rasimu kando wiki mbili, au mwezi ukiweza. Ukirudi, isome kwa sauti ukiwa peke yako. Sikio linanasa uongo ambao jicho linausamehe. Pale sauti inapopanda na kuanza kuigiza, umepamba, kata. Pale unapoharakisha, bado unakwepa; rudi. Pale unapokwama kooni, usiguse, hasa usiongeze sentensi ya kufafanua jinsi ulivyokwama.

Kata pia aya ya mwisho. Nasema hivi karibu kwa kila rasimu ninayosomewa, na mara nyingi inakubali. Aya hiyo huwa ile inayomhakikishia msomaji kwamba sasa uko salama, umesamehe, umejifunza. Kama umesamehe kweli, ataona kwa jinsi ulivyosimulia. Kama hujasamehe, usimdanganye.

Mpe mtu mmoja kabla ya wote

Kabla ya kuwapa wengi, mpe mtu mmoja unayemwamini, umwambie wazi unachotaka. "Niambie ulipoacha kuniamini" ni swali zuri kuliko "unaonaje?" Kisha jipime: ukisikia neno baya moja kutoka kwa mtu usiyemjua, utaweza kulala? Kama bado, subiri. Wengine watakuambia umewavua nguo ndugu zako hata kama hukuwataja. Wengine watakuja kimya kimya kukueleza ya kwao, na hao ni wengi kuliko unavyodhani; uwe tayari kuwasikiliza bila kuwageuza kuwa andiko lako lijalo.

Mimi nilimpa dada. Alisoma kurasa mpya amesimama mlangoni, hata hakukaa. Alipofika kwenye ile simu akanyamaza muda mrefu, nikadhani nimemkosea.

"Jumapili ile alipokukosa alinipigia mimi," akasema. "Hakuwa na shida ya hela. Alikuwa anauliza kama mwanao bado anakohoa."

Nilirudi mezani nikaiongeza hiyo mwishoni, kama alivyoisema, bila kuifafanua.